Fomu ya Mbegu Niliyoijaza Mimi

Asubuhi ile haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakumbuka tumekaa kwenye baraza la chifu hapa Kasigau, na afisa wa kilimo akatuambia serikali imeona mvua zinapungua, kwa hiyo kila kijiji kiseme chenyewe kinataka mbegu gani. Kwa vile nilikuwa nimemaliza sekondari, fomu nikapewa mimi. Kina mama wakasema wote: mtama na ndengu.

Nikaandika mahindi.

Usinitazame hivyo. Nilikulia kwenye shamba la mtama nikifukuza ndege, tangu alfajiri mpaka koo linakauka, na nilikuwa nimeapa sitarudia kazi ile. Nikakunja fomu, nikamkabidhi afisa bila kumsomea mtu.

Siku ikafika, magunia ya mbegu yakafunguliwa. Nyanya Mghoi, mamake baba, alichota mbegu, akaziangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Tulisema nini siku ile?"

"Mtama na ndengu, nyanya."

"Na wewe ukaandika nini?"

 Nyanya hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Haya, tupande," akasema. "Mbegu ingine hatuna."

Mvua ilinyesha wiki tatu, ikakatika. Kila asubuhi tulitoka kutazama mawingu juu ya mlima, na kila jioni majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja zaidi. Mahindi yalikauka kabla ya kuzaa. Watu wakailaani ofisi ya kilimo, wakisema imewaletea mbegu isiyo yao, nami nikiwa nimekaa katikati yao nimenyamaza. Nyanya alijua, naye akanyamaza, akiningoja.

Mwishowe nilisimama barazani nikasema ni mimi. Msimu uliofuata ulikuja mtama, na ndege wa mashamba yote niliwafukuza mimi, bila kutumwa.

Sasa kesho unaenda na simu yako kuwaandikisha wakulima mbegu. Mpango wa serikali, hata uwe mzuri vipi, utapita kwanza kwenye kidole chako. Andika walichosema, si unachokipenda wewe. Wasomee kabla hujatuma. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla watu hawajapanda.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na woga ulionifunga mdomo mimi, na mvua ikianza, kila mtu awe ameshika mbegu aliyoiomba.