Viti vya Watu Chumbani kwa Shazia

Mmeniganda kama kupe. Kila nikitoa kigoda nje nipate upepo, mmoja wenu anakuja: "Bibi, andika basi ile habari ya Shazia na viti." Kalamu mnazo, shule mmekwenda, na nusu yenu mlikuwepo mkaona kwa macho yenu. Lakini kazi ikiwa na jasho, apewe mzee. Haya, naandika. Herufi zikienda upande, someni kwa upande.

Shazia si jina lake. Shazia ni sindano, ile ndefu ya kushonea magodoro, na aliitwa hivyo kwa sababu anaishika tangu asubuhi, na kwa sababu ya ulimi wake. Kazi yake ni kufufua magodoro ya pamba. Godoro lililolaliwa miaka kumi huwa limelala kuliko mwenyewe. Unampelekea, analifumua, anaimwaga pamba uani, anaichambua kwa vidole, anaichapa kwa fimbo mbili mpaka inainuka kama povu, anairudisha ndani na kushona. Ukilalia siku hiyo unasahau una mgongo.

Chumba chao ni kimoja. Magodoro ya wateja yanasimama ukutani, la kwao linalala chini, na humo ndimo anamoishi na mumewe na binti yao wa darasa la saba. Mume alikuwa mlinzi wa kiwanda cha vioo. Mambo yalipokaza kiwanda kikafungwa, naye akabaki anakaa mlangoni mwa chumba chao, mgongo wima, kama vile ndani mna kitu cha kuibwa.

"Mume wangu hajaachishwa kazi," Shazia alikuwa akisema. "Amepunguziwa eneo tu."

Tulicheka, na mume naye alicheka. Wakati ule kicheko kilikuwa bado kipo.

Kisha magodoro nayo yakakauka. Mtu akikosa hela ya unga, ubapa wa godoro anauvumilia. Wateja wa zamani wakaanza kupita njia ya nyuma wasije wakaulizwa. Magodoro mawili yalishonwa yakaisha, wenyewe hawakuja kuyachukua. Kodi ikalala mwezi, ikalala wa pili, na wa tatu ulipoingia mwenye nyumba akaja. Si mtu wa kelele. Alisimama kwenye kizingiti, kufuli jipya limo mfukoni, limelivuta koti lake upande mmoja.

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mama. Nitafunga na vilivyomo ndani. Usinichukie."

"Na shazia yangu ikiwa ndani, nitakulipa kwa kushona na nini? Na meno?"

Mwenye nyumba alitazama viatu vyake, akaenda zake. Shazia alirudi kwenye pamba yake akaichapa mpaka fimbo moja ikakatika, na pamba yenyewe ilikuwa imeshachapwa jana yake.

Kinyozi wa pale kona ndiye aliyeleta habari. Kulikuwa na ofisi ya ustawi, alisema, inayosaidia kaya zilizokwama. Ukikubaliwa, ofisi inampa mwenye nyumba kodi yako ya miezi mitatu, wewe huigusi.

"Sijaomba tangu nizaliwe," Shazia akasema.

"Kufuli nalo hukuliomba, dada, na linakuja."

Akaenda. Nje ya ofisi kuna watu wenye kalamu wanaokujazia fomu kwa malipo, yaani ulipe ili uthibitishe huna cha kulipa. Shazia alikataa, akajaziwa na binti yake. Ndani kuna benchi moja refu na dirisha lenye tundu, na nyuma ya tundu yuko karani. Karani anauliza kwa sauti ya mnadani.

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

Shazia akajibu chini chini.

"Sauti, mama. Sikusikii."

Benchi lote likanyamaza ili limsaidie karani kusikia. Shazia akahisi masikio yanamchoma kama mtu aliyekamatwa. "Kikiwepo tunakula," akasema kwa sauti. "Kisipokuwepo tunakitaja. Andika upendavyo."

Karani akaandika. "Alhamisi atakuja mkaguzi kuiona kaya yako."

Sasa nieleweni, nyinyi mnaopenda kusema kosa ni lake. Katika maneno yote ya siku ile, Shazia aliondoka na moja tu: atakuja mtu. Mtu mgeni, kutoka mbali, hajawahi kuingia kwake. Na uani kwetu mgeni haketi chini. Jirani yetu mshonaji wa nguo ana viti vinne vya mbao, na viti hivyo vimehudhuria posa na matanga kuliko mimi na umri wangu wote. Kwako akija mgeni, unakwenda kwa mshonaji, huulizwi, unavibeba. Ndivyo tunavyoishi. Hakuna hata mmoja wetu mwenye sebule, lakini sebule moja tunayo, tunaipokezana.

Alhamisi asubuhi sebule hiyo ikahamia kwa Shazia. Viti vya mshonaji, na pazia lake jekundu. Zulia la nesi wa chumba cha mwisho. Redio ya kinyozi ikawekwa juu ya kabati, bubu, ili ipambe. Chupa ya chai ilitoka kwangu, na sukari nilikopa dukani kwa jina langu. Mume alivaa sare yake ya ulinzi, akaipiga pasi mpaka ikang'aa magotini.

"Si tumwambie tu hatuna kitu?" akauliza.

"Tutamwambia," Shazia akasema huku akifuta kiti. "Lakini ataambiwa akiwa ameketi."

Mkaguzi alikuwa msichana mpole, faili kifuani. Alivua viatu alipoona zulia. Akakaribishwa, akaketi, akamiminiwa chai, akashukuru, akaongezewa. Aliuliza, nao wakajibu kweli tupu: kiwanda kimefungwa, magodoro hayaji, miezi mitatu, kufuli. Kumbe alikuwa anaandika alichokiona, si alichokisikia.

"Pazia zuri," akasema.

"Ahsante, mwanangu."

Hapo ndipo mnaposema Shazia angefungua mdomo. Maneno yalimfika kooni, mwenyewe aliniambia. Akamtazama yule msichana, kikombe mkononi, miguu mitupu juu ya zulia la nesi, akayameza. Nani kati yenu amewahi kumwambia mgeni kuwa kiti alichokalia ni cha kuazima? Ajitokeze nimwone.

Jumatatu barua ikaja. Binti aliisoma mlangoni, na alipofika mwisho sauti ilikuwa imepungua. Kaya ina samani za kutosha, ina zulia, ina redio, na ina uwezo wa kukirimu. Haistahili msaada.

Uwezo wa kukirimu. Mtu anamkopea mgeni sukari, mgeni anainywa, kisha anamwandikia kuwa ni tajiri wa sukari. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakusema kwamba utavuliwa hata yako.

Kinyozi alikuja kichwa chini, maana redio ni yake na ushauri ulikuwa wake. "Omba waje tena," akasema. "Safari hii mwaga majivu sakafuni. Pasua shuka. Mzee alale alie kidogo."

"Mume wangu halii kwa kuagizwa," Shazia akasema. "Na sakafu yangu nimeifagia miaka kumi na sita. Siichafui ili mtu aniamini."

Akakaa, shazia mkononi bila godoro. Ijumaa ilikuwa siku nne mbele. Niliona taya lake linavyotafuna hewa. Kisha akasimama, akaita uani kwa sauti yake ile.

"Kila mtu abebe chake. Tunakwenda kurudisha ugeni."

Mngetuona. Mshonaji na kiti kichwani, mume na viwili, sare yake mwilini, kinyozi na kimoja begani na redio kwapani. Nesi alikuwa kazini, zulia lake likabebwa na Shazia mwenyewe, limeviringishwa kama maiti. Mimi na chupa yangu. Kwenye geti la ofisi tungeishia hapo hapo, lakini mlinzi wa geti aliitazama ile sare ya kiwanda cha vioo, akamtazama mume usoni.

"Ulikuwa zamu ya usiku, kaka?"

"Miaka kumi na moja."

"Pitisheni upande huu, msigonge mlango."

Tukapanga sebule mbele ya dirisha la karani: zulia, viti, redio, chupa. Benchi lote likageuka. Mkaguzi akatoka ndani na kikombe chake cha ofisi, akasimama.

"Keti, mwanangu," Shazia akasema. "Kiti unakijua."

Hakuketi.

"Hivyo vinne ni vyangu," mshonaji akasema. "Hicho ulichokalia mguu umefungwa waya. Ungeegemea kidogo ungejua hali ya uchumi."

"Redio yangu," kinyozi akasema. "Imekufa tangu mwaka juzi. Uliandika redio, hukuandika marehemu."

"Chupa yangu," nikasema mimi, "na sukari bado nadaiwa."

Msichana alikuwa amewiva usoni. "Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia kiti ni cha watu, ungekikalia kwa raha?"

Hapo mkuu wa ofisi akatoka, tai imelegea, anataka kujua nani amehamia. Akaelezwa. Akasema faili limefungwa, na rufaa ni siku tisini.

"Kufuli ni Ijumaa," Shazia akasema.

"Huo ndio utaratibu, mama."

Basi kwenye benchi mzee mmoja akakohoa. Akasema yeye walimhesabia kitanda cha mgonjwa wa jirani. Mwanamke mwingine akasema alihesabiwa mbuzi aliyekuwa anapita. Benchi likaanza kuchemka taratibu, na mkuu si mjinga, aliona uelekeo. Akaingia ndani, akarudi na karatasi na kidau cha wino.

"Tulimalize hapa. Weka dole gumba, faili lifunguliwe leo."

Shazia alishachovya dole. Mimi nikaivuta karatasi. Nasoma polepole, kidole chini ya kila neno, na mkuu alikuwa anapumua kwa pua. Mimi mwenye kaya hii nakiri kwamba nili, da, nga, nya.

Nikarudia mara ya pili nisije nikamsingizia mtu. Neno lilikuwa lile lile.

Shazia akarudisha mkono. "Futa hilo."

"Ni maneno ya kawaida ya fomu, mama. Kila mtu anayatia dole."

"Basi tia la kwako."

Mkuu akashusha sauti, akawa kama mtu mwema. "Unataka nyumba au unataka maneno?"

Lilikuwa swali la kweli. Mume alimtazama mkewe. Sote tulijua kinachosubiri Ijumaa: mlango, binti na vitabu vyake, shazia ikiwa imefungiwa ndani. Shazia mwenyewe akafuta dole lenye wino kwenye nguo yake.

"Nataka nyumba," akasema. "Lakini siingii humo nikiwa nimeandikwa mwongo. Yule alikuja kwangu, nilimpa kiti. Huo ndio uongo wangu wote."

Na nitamsema huyu msichana kwa haki, kwa kuwa wengine siwasemi kwa haki: aliweka kikombe chini, akachukua kalamu, akakata lile neno mistari miwili. Juu yake akaandika kwa mkono wake, na nilisoma mwenyewe: Vitu vyote viliazimwa ili kunipokea mimi. Akatia sahihi yake kwanza, ndipo akamsogezea Shazia wino.

Mkuu naye akatia. Alitia kama mtu anayetafuna ganda la limau.

Alhamisi mwenye nyumba alilipwa miezi miwili. Wa kwanza, walisema, umepitwa na muda, kana kwamba deni ni maziwa. Alikuja na kufuli lake Ijumaa asubuhi kuuliza huo mmoja.

Shazia akamuuliza, "Wewe unalala juu ya nini?"

Mwenye nyumba akajishika kiuno kabla hajajibu, na jibu likawa hilo. Magodoro yake mawili yaliletwa siku hiyo hiyo, mabapa kuliko yote niliyowahi kuona, na mtu huyu ana vyumba kumi na viwili. Yakafumuliwa, yakachapwa, yakashonwa, mwezi ukafutika. Kufuli lilikuwa bado mfukoni alipoyabeba, likigonga gonga mguu wake.

Msinipigie makofi. Kodi ya mwezi ujao inakuja na miguu yake, mume bado analinda mlango wake mwenyewe, na lile dirisha lenye tundu bado linauliza watu kwa sauti mnakula mara ngapi. Msaada ni wa watu wenye shida, nao wameuzungushia ukuta wa aibu, anayeupanda wanamwita mwongo.

Sasa zamu yenu, mlioniganda. Jumanne hii ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Wewe unayesoma haya bila kuweka kidole chini ya mstari, nenda ukakae kwenye lile benchi. Msomee aliye karibu nawe karatasi yote, neno kwa neno, kabla hajachovya dole, na usimtoze kitu. Kabla hujatoka, pitia ndani ukachukue kiti cha mshonaji. Tulirudi na vitatu. Kile chenye waya kilibaki, na nimesikia mkuu ndiye anayekikalia. Mwambie kuna mgeni anakuja kwetu Jumapili, na kitahitajika.