Matawi ya Njia ya Korongoni

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumapili, mwanangu, mvua imenyesha usiku kucha na mimi nimeamka na utani mwingi kuliko akili. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Juzi ndio umeanza kutembea, hatua nne tu, ukakaa chini kwa kishindo, ukaniangalia kama vile mimi ndiye nimekusukuma. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitoka nje. Nikasema bora niandike haya mapema, maana ukishapata miguu yangu na mdomo wangu hutanisikiliza tena. Najua wenye kuitana mwanangu ni wazee wenye mvi, na mimi hata ndevu hazijakubaliana ziote wapi. Vumilia.

Hapa Mbulu mjini, ukitoka nyuma ya nyumba yetu, una njia tatu za kutembea bila kuhema. Ya kwanza inapita kwenye miti ya milingoti nyuma ya kanisa, kivuli mwanzo mwisho. Ya pili inazunguka majani ya bondeni, ukitoka huko viatu vimelowa. Ya tatu ni ya korongoni, kuelekea upande wa Bashay. Hiyo ni tambarare kuliko zote, majani yake mafupi kama yamenyolewa, kulia mashamba, kushoto korongo. Watu walioambiwa na daktari watembee kwa ajili ya presha na sukari, wote walikuwa wanaipenda hiyo.

Mwalimu Yasinta alikuwa mmoja wao. Ndiye alinifundisha kusoma darasa la pili. Akastaafu, akapata sukari, na mimi ndiye nikamwonyesha njia ya korongoni. Nilimwambia, "Mwalimu, hii ni laini, hata kuku mgonjwa anafika."

Akasema, "Kumbe kuku mwenyewe ndio mimi?"

Tangu siku hiyo alipita kila alfajiri, fimbo mkononi, anahesabu hatua kwa sauti kama yuko mbele ya darasa.

Kando ya njia hiyo alikaa Mzee Gidamis. Alihamia na ng'ombe wake kutoka Basotu kabla mimi sijazaliwa, lakini watu wa mtaa bado walimwita mgeni. Mvua kubwa ikinyesha, mzee huyo alikuwa anakagua ukingo wa korongo. Akiona ufa, anakata matawi mabichi, anayalaza kukatiza njia. Kwetu hapa kila mtu anajua matawi mabichi njiani maana yake ni rudi. Hayo hayahitaji mwalimu.

Sisi vijana tulikuwa na maana yetu. Tulisema mzee mjanja, anafunga njia ili majani yale mazuri yabaki ya ndama wake.

Basi Jumapili ile nikakuta matawi yamelazwa. Nilikuwa na wenzangu wawili, na mimi nikiwa na watu wa kunichekea huwa sina breki. Nikasema, "Leo tumfungie yeye." Tukayakokota yote mpaka kwenye lango la boma lake, tukayapanga vizuri kabisa. Wenzangu walicheka mpaka wakalala kwenye majani. Kule juu mlimani nikamwona mzee yuko na ng'ombe wake, ananipungia fimbo. Nikampungia na mimi, mkono wote, kama mtu anayeaga basi.

Sikufikiria kwamba alikuwa ananiita.

Alirudi giza limeshaingia, akayakuta langoni. Akasema atayarudisha kukipambazuka. Lakini Mwalimu Yasinta alikuwa anaamka kabla ya kupambazuka. Mzee alikuwa njiani, matawi begani, aliposikia mtu analia kutoka chini. Njia ilikuwa imemeguka, kipande kizima na majani yake. Watu walipofika walimkuta mzee yuko korongoni, amemshika mwalimu kichwa, matawi yametupwa pembeni.

Mguu ulivunjika na mfupa ukatoboa nje. Kwa mtu wa sukari, kidonda cha namna hiyo ni habari nyingine.

Siku ya tatu mwenyekiti akaita mkutano wa mtaa. Nilikuwepo, nimesimama nyuma. Mtu mmoja akasema, "Ng'ombe wako ndio wamekula ukingo, mzee. Na safari hii hata matawi hukuweka."

Mzee Gidamis akasema, "Niliweka."

"Yalikuwa wapi?"

"Niliweka."

Akageuka, akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayekupisha mlangoni, utangulie. Nikaangalia viatu vyangu. Jirani yangu akanigusa. "Wewe mwenye maneno, leo vipi?" Nikamwambia jino linauma. Wakakubaliana mzee ahame na ng'ombe wake, na mimi nikakubaliana nao kwa kunyamaza.

Kesho yake nikaenda hospitali. Nilikuwa nimejipanga kumwambia mwalimu ukweli, nimeshaurudia njia nzima. Nikaingia wodini, nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu."

Akafungua macho. "Marahaba. Umekuja kunichekesha?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Na mimi nikasema, "Nimekuja kuangalia kama hatua bado unazihesabu." Akacheka, akajishika paja kwa maumivu. Halafu akasema, "Mwambie Mzee Gidamis mimi simlaumu. Uzee nao. Labda alisahau."

Nikasema, "Nitamwambia."

Sikumwambia mtu. Nilijiambia Jumamosi ya wiki inayofuata nitarudi nimweleze vizuri. Kufika Ijumaa ya wiki hiyo kidonda kilikuwa kimeshamshinda. Tulimzika Jumatatu, wiki mbili tangu aanguke, hapo hapo nyumbani kwake, na siku hiyo Mzee Gidamis alikuwa ameshaondoka na ng'ombe wake.

Tulikuwa tunafukia kaburi, nimesimama karibu na Paskali, mtoto wa marehemu. Nikaona mchanga unaanguka kwenye shimo, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia, "Paskali, matawi yaliwekwa. Mimi ndiye niliyatoa. Nilikuwa natania."

Nilitaka anipige. Nakuambia kweli, nilimwomba Mungu anipige. Akanipa koleo lake. "Fukia," akasema. Akaenda kukaa. Nikafukia mpaka mwisho, na hakuna aliyekuja kunipokea.

Wiki iliyofuata nikapanda gari kwenda Basotu. Nilimkuta Mzee Gidamis ziwani ananywesha ng'ombe. Nikamwamkia, akaitika, nikamweleza yote, na kwamba nimeshamwambia mwenyekiti mwenyewe, mtaa mzima unajua, arudi.

Akasema, "Mimi nilijua tangu siku ile. Nilikuona."

"Sasa mbona hukunitaja, mzee?"

"Ningekutaja, wangesema mgeni anamsingizia mtoto wa hapa. Mdomo ulikuwa wako."

Nikapiga magoti kwenye tope. Akaniambia niinuke, naharibu suruali. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania, na sikuweza kucheka. Nikamwomba tena arudi.

"Sirudi," akasema. "Lakini mvua itarudi. Nani atafunga njia?"

Akaswaga ng'ombe wake akaenda zake.

Basi ndio maana, mwanangu, mvua ikinyesha unaniona natoka na panga kabla ya chai. Nakagua ukingo, nakata matawi, nayalaza huku na huku. Vijana wananicheka. Wiki iliyopita nilikuta wameniwekea matawi mlangoni kwetu, yamepangwa vizuri kabisa. Nikayabeba nikayarudisha. Sikusubiri kupambazuka.

Sasa sikiliza. Zitembelee hizi njia zote, ni zako, ni nzuri. Lakini ukikuta tawi bichi njiani usiliruke, na usilitoe, hata kama aliyeliweka humpendi, hata kama hana ukoo hapa. Kuna mtu aliyefika kabla yako akaona ambacho wewe hujaona. Na mtu akikupungia kutoka mbali, mfuate umuulize. Utani nao sikukatazi, mimi mwenyewe nitakufundisha. Ila ukikosea kwa utani, usijifiche tena ndani ya utani. Sema siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale. Mimi nilichelewa. Mwalimu amekufa akiamini mzee wa watu alisahau, na hilo siwezi kulirekebisha kwa panga wala kwa magoti.

Mungu akuimarishie hiyo miguu yako ya hatua nne-nne. Akujalie mtu wa kukutangulia njiani kila mvua inaponyesha. Na siku utakayotakiwa kusema ukweli, akufungulie mdomo mapema kuliko alivyonifungulia mimi.

Haya, inuka. Jaribu hatua ya tano.