Swali Nililomuuliza Baba Mkwe

Mimi ni muuguzi, na mdomo wangu hauna breki. Wodini wananijua hivyo, na mume wangu alinioa akilijua hilo. Mtu pekee aliyenifanya niongee kwa kupima alikuwa baba mkwe wangu. Kwao, kijijini njia ya Namtumbo, mke wa mtoto hakai mkeka mmoja na baba wa mumewe, hali naye sahani moja, na mambo ya chumbani hayatajwi mbele yake hata kwa utani. Nilimwamkia shikamoo nimepiga goti, naye aliitikia "marahaba, mama" huku akiangalia pembeni. Ila alinipenda. Mashangazi wa mume wangu waliposema muuguzi si mke, kila siku yuko zamu, yeye ndiye aliyenikingia kifua. Baba yangu mzazi nilimzika nikiwa mdogo. Baba niliyempata ni huyu, nami nilimpenda, sioni haya kusema.

Mama mkwe alipofariki, mzee alikaa mpweke, kisha akaoa mke mwenye umri mdogo hata kuliko mimi. Kilabuni wakamtania weee, sisi nyumbani tukanyamaza.

Mwaka juzi akaletwa hospitali ninakofanya kazi, mchana, kashika kifua, jasho linamchuruzika. Daktari wa zamu alimpima, akamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Mzee akasema za presha tu. Daktari akaandika apewe kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kisha akaitwa mbio chumba cha upasuaji, kuna mama uzazi umemkwamia. Nikabaki na kidonge mkononi.

Sasa, kidonge kile hulegeza mishipa ya damu. Dawa za nguvu za kiume nazo huilegeza. Zikikutana mwilini, presha inaporomoka na mtu anakufia mikononi huku unadhani unamtibu. Ndiyo maana kila mwanamume mwenye maumivu ya kifua namuuliza waziwazi. Ukimuuliza kwa jumla kuhusu "dawa nyingine", ile haihesabu, anainunua dukani kimyakimya na kimya hichohicho anakuja nacho kitandani. Nimewauliza walimu, makatekista, wafanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, wala sijawahi kubabaika.

Siku ile nilibabaika. Nilitoka nikamuuliza mkewe pale kwenye benchi, akainamisha kichwa, akasema hajui. Muuguzi mwenzangu wa kiume alikuwa kapeleka mgonjwa eksirei, na mzee alizidi kuhema. Nikapiga moyo konde.

"Baba, nisamehe. Kati ya jana na leo umemeza dawa ya nguvu za kiume?"

Alinitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mama, hilo unaniuliza wewe?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na kwamba akinificha nitamuua kwa mkono wangu mwenyewe. Akageukia ukutani.

"Jana," akasema.

Kidonge nikakirudisha, nikampigia daktari, naye akabadilisha matibabu palepale. Mzee akapona, akatoka wodini anatembea kwa miguu yake. Wenzangu wakanipongeza. Mimi nikaingia chooni nikalia, maana tangu jibu lile hakunigeuzia uso tena.

Nyumbani mume wangu alinijia juu, eti ningemwita mtu mwingine. Nikamuuliza ningemwita nani, paroko? Lakini mzee aliyezoea kushuka mjini na maharage yake, akakaa barazani kwetu Bombambili akichekea chinichini ninavyogombana na kuku wa jirani, hakukanyaga tena. Maharage yalikuja, ila kwa mikono ya watu. Tukienda kijijini, anatoka mlango wa nyuma, anakaa shambani mpaka tuondoke. Nilimpelekea sweta. Nilimtuma hata katekista wake akamwambie kwamba mimi wodini sina mkwe, nina wagonjwa. Jibu likaja kwamba hana ugomvi na mimi. Heri angekuwa nao, ugomvi ningejua pa kuushika.

Ikaja Juni na baridi lake. Asubuhi moja, niko kazini, mume wangu akanitumia ujumbe: baba kapiga simu, kakuulizia. Kauliza kama upo nyumbani au kazini, nimemwambia uko zamu mpaka jioni.

Jamani, nilifurahi. Nikasema moyoni, mzee kaanza kulainika, na Jumapili nitakwenda kumpikia mwenyewe. Nilitandika vitanda huku naimba, mpaka bibi mmoja mgonjwa akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimempata baba.

Alifariki alasiri ileile.

Msibani mkewe alinivuta nyuma ya jiko. Alikuwa analia, akanishika mkono kama mtu anayeomba msamaha wa kosa lisilo lake. Akaniambia kifua kilianza kumbana mzee tangu alfajiri, na gari la kumleta hospitali lilikuwa limeshafika mlangoni. Ndipo mzee akaomba simu, akampigia mwanawe. Alipokata, akamwomba dereva asubiri.

"Tutaondoka jioni," alimwambia, "mkwe akishatoka zamu."