Sweta la Ilomba, Joto la Rujewa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya viyoyozi nililifanya nikiwa nimevaa sweta. Nalikumbuka vizuri, la kijivu, la mtumba, na hata asubuhi kosa lilipofichuka, pale Ilomba mjini Mbeya, nilikuwa bado nimelifunga zipu mpaka shingoni kwa sababu ya ukungu. Simu ikaita kutoka Rujewa.

"Fundi, mashine ya mzee inapuliza moto."

Alikuwa Mama Kulwa, mwenye nyumba ya wageni jirani na mashine za kukoboa mpunga.

Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo. Umri wangu haujafika huko, na pengine wewe unayesoma umenizidi miaka. Lakini unaanza kazi niliyoianza peke yangu, bila chuo wala fundi wa kunishika mkono, nikijifunza kwa video za simuni na kwa kufungua mashine zilizokufa ambazo watu walizitupa. Nakueleza kama ambavyo ningependa mtu angenieleza mimi.

Mama Kulwa alikuwa ameshanipigia wiki kadhaa kabla, baridi ikiwa bado kali huku kwetu. "Njoo usafishe mashine zetu mapema," alisema. Nikamjibu, "Mama, bado kabisa. Huku tunaota moto." Nilikuwa napima msimu kwa ngozi yangu mwenyewe. Mambo ya gesi na shinikizo niliyakariri vizuri, ila nilisahau kitu ambacho kila abiria anakijua, kwamba ukishuka kutoka Mbeya kwenda bonde la Usangu, iliko Rujewa, koti unalivua njiani.

Na kuna sababu nyingine, ambayo naona aibu zaidi kuisema. Niliogopa. Niliona sijawa tayari. Nilitaka kwanza ninunue geji mpya ya kupimia gesi, nipange kila spana mahali pake, nizirudie zile video tangu mwanzo. Vifaa vyangu vilikuwa vinang'aa, huku mashine za wateja zikizidi kujaa uchafu. Nilikuwa nakosa usingizi nikimwaza mteja atakayeniuliza swali nisilolijua. Mtu angeniona angesema najiandaa na msimu wa joto. Kumbe nilikuwa najificha.

Sasa sikia ni nani aliyekuwa akisubiri. Mume wa Mama Kulwa, tuliyemwita Baba Kulwa, alihamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani akiwa bado kijana. Mwaka ule alikuwa ametoka hospitali, moyo wake dhaifu, na daktari alikubali arudi nyumbani kwa sharti kwamba chumba chake kiwe na ubaridi. Binti yao Kulwa, anayeishi Mbeya, alishasema wazi: mashine ikizingua, namchukua baba nikae naye mjini. Mzee hakutaka. Waliishi humo humo kwenye nyumba ya wageni; zizi lilikuwa nyuma yake, na raha yake iliyobaki ilikuwa kusikia ng'ombe wakitolewa asubuhi.

Nilifika mchana, sweta mkononi. Nilipofungua boksi la nje la kiyoyozi nilikuta limeziba kwa pumba za mpunga, zimegandamana kama blanketi. Msimu wote wa kukoboa zilikuwa zikiruka kutoka kule mashineni na kutua pale. Kiyoyozi kilikosa hewa, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikaungua. Ningefika mapema, mpira wa maji na brashi laini vingetosha.

"Inahitaji kompresa mpya," nikasema. "Itabidi itoke Dar. Nataka nikifanya, nifanye vizuri, Mama."

"Na Kulwa yuko njiani na gari. Nimemwambia ukweli."

Alilitazama begi langu, akachomoa boksi la karatasi lililokuwa na ile geji mpya, niliyokwisha kuinunua, akararua kifuniko chake, akanikabidhi hicho kifuniko.

"Basi mpepee mzee, huku ukiyafikiria hayo mazuri yako."

Nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, nikapepea. Baba Kulwa alikuwa ameloa jasho, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Akafungua jicho moja.

"Fundi, hii ndiyo AC mpya?"

"Shikamoo, Baba. Nisamehe."

"Marahaba. Ina rimoti?"

Nilishindwa kucheka. Aliushika mkono wangu. "Hucheki. Nawe unaumwa?"

"Naogopa, Baba. Nilitaka nije nikiwa nimekamilika."

Aligeuza uso kuelekea zizini.

"Nilipohama kuja huku," akasema, "nilimwacha ndugu yangu anasuka kamba za kufungia ng'ombe. Kamba nzuri kweli. Aliposema sasa yuko tayari, majani ya njiani yalikuwa yameisha. Kamba alizokuja nazo ninazo hadi leo. Ng'ombe hakufika nao." Akavuta pumzi. "Pepea, usiache."

Mama Kulwa akatokea mlangoni. "Chumba namba tatu hakina mgeni. Hamisha AC ya kule, uifunge hapa."

Nikaanza kumweleza kwamba ile ni ya zamani, kwamba mabomba yake hayatalingana na matundu ya ukuta huu, yatapita nje yakionekana.

"Fundi! Unamtafutia mzee ubaridi, hutafuti mchumba."

Akanipokonya kile kipande cha boksi, akaanza kupepea yeye. Nikainuka.

Niliifungua ile ya chumba namba tatu, nikaiosha, maana nayo ilikuwa na pumba zake, nikaifunga kwa mzee. Mabomba yalipinda ukutani nikayabana kwa waya. Boksi la nje lilikaa juu ya matofali. Sijawahi kufanya kazi yenye sura mbaya kama ile. Gari la Kulwa lilipoingia uani, Baba Kulwa alikuwa anaomba blanketi.

Kulwa alisimama katikati ya chumba. Akamtazama baba yake, kisha mabomba, kisha mimi.

"Nani kafunga vibaya hivi?"

"Mimi, dada."

"Basi usiiguse tena. Isije ikaacha kufanya kazi."

Akanywa chai, akamfunika baba yake vizuri, akarudi Mbeya peke yake. Asubuhi ng'ombe walipotolewa zizini, mzee alikuwa kitandani kwake, anawasikia.

Mwanangu, najua nawe una woga huu, ndiyo maana umesoma mpaka hapa. Ukiitwa mapema, nenda na ulichonacho. Pima joto la mahali alipo mteja, si la pale ulipolala. Osha mashine kabla hazijaelemewa. Swali usilolijua, sema hujui, kisha litafute. Kazi nzuri endelea kuipenda, lakini usimwache mtu kwenye joto ukiisubiri. Mungu akupe mkono mtulivu, akupe wateja watakaokukemea kwa upendo kama nilivyokemewa, na akufikishe kwa kila mgonjwa kabla hajaanza kutokwa jasho.

Kompresa mpya ilifika, nikaitia kwenye ile mashine iliyoungua na kuifunga vizuri, kwenye chumba namba tatu. Baba Kulwa alikataa nimbadilishie ile ya kwake. Sijaacha kuogopa, na vifaa vyangu bado vinang'aa kupita kiasi. Ila siku hizi nashuka Rujewa na mpira wa maji na brashi, wakati Ilomba bado tunavaa sweta.