Mbao Nyeupe za Tupokigwe

"Yaani zote, kaka? Hata moja hukuacha?"

"Zilikuwa mbaya," Damiano alisema.

"Ndiyo zilikuwa mbaya! Kwani nilizitunza kwa sababu gani?"

Damiano aliendelea kuchovya brashi kwenye tina ya kuyeyushia rangi. Tangu asubuhi binti huyu anapiga kelele, na yeye anazisikia kama redio ya jirani: maneno yanafika, ila hayamhusu. Mambo mengi yalikuwa yanamfikia hivyo siku hizi, tangu walipomzika mzee Andongwisye, fundi aliyemtoa kijiweni baada ya kuacha shule kidato cha pili na kumpa brashi. Aliamka, alikula, alichora mabango. Mtu akimuuliza habari anasema safi.

Tupokigwe alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, katoka kule milimani Ileje, anasoma sanaa na ubunifu chuo kikuu. Likizo hii chuo kilimtaka afanye fildi, mafunzo ya vitendo, kwa fundi, naye akaja Tunduma kwenye kibanda cha Damiano, pale barabara ya Mpemba malori yanapojipanga kusubiri kuvuka boda. Leo mwalimu wake anakuja kumpima. Akifeli fildi, anarudia mwaka mzima. Na baba yake alishasema wazi kabisa kwamba mwaka wa kurudia yeye halipii.

Sasa sikia kilichotokea. Jana Tupokigwe alikwenda Vwawa. Damiano akajisemea mgeni anakuja, ngoja nifagie stoo. Akatoa vitu vyote nje, zikiwemo mbao nne za plaiwudi ambazo binti alizijaribia kazi akaziharibu. Jua likazama, mbao ziko nje zinatazama barabara. Mzee Andongwisye alikuwa na sheria yake: bango baya halilali likiangalia barabara, linakula jina la fundi. Unalipaka nyeupe siku hiyo hiyo. Damiano hata hakufikiri. Mkono ulichukua kopo, ukapaka.

"Kaka, Madam hapimi bango zuri peke yake," Tupokigwe alisema, sasa sauti imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Anataka kuona nilianzia wapi, nikaharibu nini, nikabadilisha nini. Hapo ndipo alama nyingi zilipo. Na simu yenye picha walinichomolea sokoni, unajua mwenyewe."

"Futa na tina."

Binti akafuta. Nyeupe ikatoka, ikatoka na nyekundu ya chini, ikatoka na kijani. Kona nzima ya ubao ikawa rangi ya uji wa ulezi. Akatupa kitambaa chini.

Mama Ferista, muuza chipsi wa kibanda cha pili, alikuwa kaacha viazi vinaungua ili asikie vizuri. "We Dami, ndugu yako anasomea kuchora, wewe unasomea kufuta!"

Bajaji ikasimama. Akashuka Madam Edina, mama mwembamba mwenye miwani na mkoba wa kitenge. Alisalimia watu wote, akakataa kiti, akakaa juu ya ndoo ya rangi kama mwenyeji. Kwanza alitazama bango lililokamilika, la saluni ya Mama Gwalugano: mwanamke kasukwa, shingo ndefu, maandishi ya bluu.

"Zuri hili," alisema. "Haya, nionyeshe ulikotoka."

Tupokigwe akaziegemeza zile mbao ukutani. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, na nyingine nyeupe yenye kona ya uji.

Madam alivua miwani, akaivaa tena.

"Nimezipaka mimi," Damiano alisema. "Hapa kwetu bango baya halilali linaangalia barabara."

"Hata la mwanafunzi?"

"Bango ni bango, Madam."

"Mpe alama za usafi basi!" Mama Ferista alidakia. Dereva mmoja Mzambia aliyekuwa anasubiri chipsi alicheka. Tupokigwe hakucheka.

Madam alizihesabu mbao kwa kidole. Halafu akasema, "Kwa utaratibu, kisichoonekana sikipi alama. Lakini kichwa chako hakijapakwa nyeupe. Simama hapo kwenye ubao wa kwanza. Kulikuwa na nini?"

Binti akasogea. Mwanzo alinong'ona, baadaye akapata kasi. Ubao wa kwanza herufi zilikuwa zinateremka kama ng'ombe wanaoelekea bondeni Kamsamba, kwa sababu alichora bila kupiga mstari. Wa pili aliweka nyekundu juu ya kijani, akavuka barabara kusimama upande wa malori, akaona hasomi kitu. Ndipo alipohamia bluu juu ya nyeupe. Wa tatu neno halikutosha, herufi za mwisho zikabanana kama abiria, na toka hapo akawa anapima kwa uzi kuanzia katikati.

"Mh," Madam alisema, anaandika. "Na wa nne?"

Tupokigwe alishika ukingo wa ubao.

Damiano alijua kulikuwa na nini. Uso. Binti alihangaika na macho mchana kutwa, akachoka, akaenda kula. Damiano akapita, akayanyoosha kidogo tu, akaendelea na safari zake. Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi: ukipita na brashi, ukaona kasoro ya mwenzako, unamalizia, husemi. Mzee alimfanyia hivyo miaka yote.

Ubao ulikuwa mweupe. Binti angeweza kusema chochote, na nani angebisha? Damiano alimtazama akisubiri aseme. Alisubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Wa nne ulikuwa uso," Tupokigwe alisema. "Macho yalinishinda. Alinyoosha kaka mimi sipo. Sijui aliyafanyaje, Madam."

"Na haya ya kwenye bango la saluni?"

"Nilinakili ya kwake. Niliweka karatasi juu nikafuata."

Hata Mama Ferista alirudi kwenye viazi vyake.

Madam alifunga kalamu. "Chukua huo ubao. Si umeshapakwa mweupe? Chora macho. Sasa hivi, mbele yangu. Na wewe, kaka, mikono mfukoni."

Damiano akaweka mikono mfukoni. Tupokigwe alichora. Jicho la kushoto likaja vizuri. La kulia likapanda juu, akalifuata na nyusi kulishusha, likawa kubwa zaidi. Akaomba kitambaa.

"Hakuna kufuta. Niambie limekosea wapi."

Alilitazama sana. "Sikuyapimia pamoja. Nimemaliza moja ndipo nikaanza la pili."

"Ungefanyaje?"

"Ningepiga mstari mmoja wa macho yote mawili. Kama wa herufi."

Madam akaandika, safari hii muda mrefu, wote wakimtazama mkono. "Umepita," alisema. "Umechechemea, lakini umepita. Bango la saluni macho siyahesabu. Nahesabu haya." Akanyoosha kidole kwenye lile jicho kubwa. "Kesho nitapita tena kulipiga picha na jua la asubuhi. Nilikute hivi hivi."

Tupokigwe alikaa chini kwenye vumbi, palepale aliposimama, akafunika uso na kitenge. Mama Ferista akamletea sahani ya chipsi zilizoungua. "Kula mwanangu. Nazo zimechechemea."

Damiano alijua hapo mtu anafurahi. Alijitafuta ndani, hakukuta kitu, si furaha wala aibu. Alisema, "Hongera, Tupo," na ilitoka kama ile safi yake ya kila siku.

Jua lilishaanza kushuka. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, macho yake yanatazama barabara, moja dogo, moja kubwa. Damiano alijua kopo la nyeupe lilipo hata bila kugeuka.

"Ba Damiano!" yule dereva Mzambia aliita, mdomo umejaa. "Maandishi ya milango ya lori langu vipi? Foleni ikisogea mimi nasogea, eh."

"Nakuja, mzee."

Akaokota kopo la nyeupe na brashi ya maandishi, akamwambia binti ufunguo wa stoo uko juu ya mlango, ubao aulaze ndani hivyo hivyo, akavuka kwenda kwenye malori.