Kanuni Niliyoifungia Drooni

Siku yangu ya kwanza kazini Doha ilikuwa Jumapili, na mimi ni Mkristo wa Wundanyi niliyelelewa kuamini kwamba Jumapili hata nguo hazifuliwi. Huku wiki ya kazi huanza siku hiyo. Kanisani, kule Abu Hamour, tunakwenda Ijumaa. Nilifika saa moja asubuhi nimevaa sketi niliyoshonewa Voi, nikapelekwa ghorofa ya kumi na nne kwa mzee mmoja wa Kisudani, mwembamba, aliyefunga miwani yake kwa uzi. Huyo ndiye aliyekuwa Mkutubi wa ofisi. Hakuniuliza safari ilikuwaje. Alinipa kalamu, muhuri wa tarehe na rundo la karatasi kutoka Uingereza.

Ilikuwa ofisi ya mawakili wa Kiingereza, na wateja wao wakubwa walikuwa familia za hapa zenye majengo ya kupangisha kule Uingereza. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na miwili Nairobi, nikisahihisha makosa ya uchapaji katika matangazo ya sheria, kwa hiyo nilidhani naijua kazi. Sikuijua.

Niwaeleze ninyi vijana ilivyokuwa. Bunge lao likishapitisha Sheria, mambo hayajaisha. Sheria humpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, zile tunazoziita sheria ndogo, na ndani ya kanuni ndimo yanamokaa mambo yanayomgusa mtu: jengo la urefu gani, fomu ipi, siku ya mwisho ni lini, adhabu ni nini. Na kanuni hazitulii. Kila wiki hutoka hati za marekebisho, nazo hazikuandikii kanuni upya. Hukwambia tu kwamba katika kanuni ya saba, fasili ya pili, yaani kifungu chake kidogo cha pili, futa maneno haya, weka haya. Kazi yangu ilikuwa kugonga kila hati muhuri wa tarehe niliyoipokea, kuisoma, kutia badiliko mahali pake katika majalada yetu, kisha kuwaandikia mawakili ukurasa mmoja wa maelezo. Ukurasa huo tuliuita karatasi ya mabadiliko.

"Usikiamini kichwa cha hati," Mkutubi aliniambia wiki ile ya kwanza. "Waziri akiwa na jambo dogo la kurekebisha hulichomeka katika hati yoyote inayopita. Soma mpaka ukurasa wa mwisho."

Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho kwa miaka mingi. Mawakili walinijua. Wakili Mkuu, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa akipita mezani kwangu na kuuliza kama kuna jipya, nami nilikuwa nalo.

Musoke alikuwa mlinzi wa mapokezi pale chini. Alitoka Masaka, Uganda, ambako aliwahi kuwa mwalimu wa shule, na aliishi kambini Al Rayyan, watu wanane chumba kimoja. Kiswahili chake alikiokota kwa Wakenya wa kambini. Siku moja aliniomba amwone mtu anayesoma karatasi zile alizokuwa akizipokea kila asubuhi. Nikamwambia mtu huyo ni mimi. Kuanzia hapo, saa ya chakula, alikuja kwangu na daftari, nami nikamfundisha yote: hati mama na hati ya marekebisho, tarehe ya kutungwa na tarehe ya kuanza kutumika, vifungu vya mpito vinavyompa mtu muda wa kujiandaa. Aliniita Mama Wakesho, kwa jina la binti yangu. Niliona fahari kuwa na mwanafunzi mwenye kunyoa ndevu. Ni mimi niliyemwombea kazi kwa Wakili Mkuu nafasi ya msaidizi ilipopatikana.

Kisha mambo yakabadilika. Uingereza ilikuwa imejitoa Umoja wa Ulaya, na kanuni za zamani zikawa zinafumuliwa kwa mamia. Moto ulioteketeza jengo refu la makazi ulikuwa umewatisha kule, basi kanuni za majengo marefu nazo zikaanza kumiminika. Majalada yakaondolewa, kila kitu kikaingia kwenye kompyuta. Mimi niliendelea kuchapa hati na kuzigonga muhuri kwa sababu macho yangu hayakuiamini skrini. Musoke aliiamini. Karatasi yangu ya mabadiliko ilikuwa ukurasa mzima. Ya kwake ilikuwa mistari sita, na mawakili wakasema hatimaye wanaelewa.

Mkutubi alipostaafu na kurudi Omdurman, nilinunua blauzi mpya ya kuvaa siku nitakayotangazwa. Wakili Mkuu alimtangaza Musoke.

Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, nikaenda msalani, nikanawa uso, nikarudi kuketi chini ya mtu niliyemfundisha fasili ni nini. Tangu siku hiyo wivu ulinikaa kifuani kama chakula kilichokataa kushuka. Nilihesabu mara ngapi jina lake linatajwa katika mkutano. Alipocheka na mawakili nilisikia ninachekwa mimi. Alipohama kambi na kupanga nyumba Al Wukair, akamleta mkewe, alinialika chakula. Nilisema nina homa. Kila jioni, kabla ya kuondoka, nilizipitia karatasi zake moja baada ya nyingine. Wenzangu walidhani namsaidia. Nilikuwa natafuta kosa.

Nikalipata. Musoke alikuwa ameandika kuhusu kanuni mpya zinazomtaka mwenye jengo refu aandae mpango wa kumwokoa kila mkazi asiyeweza kushuka ngazi moto ukitokea. Tarehe aliyoiandika ilikuwa sahihi siku aliyoiandika. Lakini baadaye ikatoka hati nyingine, ya mambo ya ada tupu kwa kichwa chake, naye akaipita bila kuifungua, na katika ukurasa wa mwisho mstari mmoja uliivuta tarehe ile miezi mitatu mapema. Mteja wetu mmoja alikuwa na jengo la namna hiyo Manchester. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Niliigonga hati muhuri, kwa mazoea tu. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaifungia drooni.

Nataka nilieleze hili kama lilivyokuwa, maana nimesikia wazee wengi wakisimulia kazi zao kana kwamba hawakuwahi kufanya baya. Sikusahau. Sikuwa na shaka. Kila asubuhi nilikaa mezani nikijua kilichomo ndani ya droo, na nilikuwa na furaha. Nilingoja tarehe ipite, mteja aje juu, na Wakili Mkuu auone uso wa Musoke kama mimi nilivyokuwa nauona. Musoke alinipitia kila siku, akaniuliza kama kuna lililomponyoka. Nikajibu hakuna.

Wiki ya nne, katika mkutano wa Jumapili, Wakili Mkuu alitusomea barua ya msimamizi wa jengo la Manchester. Alikuwa ameanza kuorodhesha wakazi wasioweza ngazi. Kulikuwa na kijana aliyepooza, ghorofa ya tatu. Kulikuwa na mwanamke wa umri wangu, ghorofa ya kumi na moja, mjane, magoti yamekufa, ambaye lifti ikiharibika hukaa ndani mpaka itengenezwe. Wakili Mkuu akasema hakuna haraka, tuna zaidi ya miezi mitatu.

Mpaka hapo sikuwa nimewaona watu ndani ya jengo lile. Nilikuwa nimemwona Musoke tu.

"Hatuna miezi mitatu," nilisema. "Tuna siku saba."

Nikaenda kuileta hati. Wakili Mkuu alifungua ukurasa wa mwisho, akausoma, akarudi ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo alipouona muhuri.

"Huu ni muhuri wako?"

"Ndiyo."

"Musoke hakuiona hati hii. Wewe uliiona mwezi mzima uliopita. Niambie mwenyewe, nimlaumu nani?"

Niliichukua barua ya msimamizi, nikaanza kunakili majina ya wakazi.

Siku zilizofuata tulifanya kazi meza moja, mimi na Musoke, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuifanya. Tuliandika fomu ya kila mkazi, msimamizi akawa anapanda ghorofa hadi ghorofa kuzungumza nao, anaturudishia majibu. Yule mjane alisema anataka kujua ni nani hasa atakayembeba, na msimamizi akaandika majina mawili. Siku ya sita mpango ulikamilika. Wiki nzima Musoke alizungumza nami juu ya fomu na si kingine.

Fomu ya mwisho ilipokwenda alifunga kompyuta yake, akaniuliza, "Nilipokuwa nakuuliza kama kuna kitu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alitikisa kichwa polepole. "Na mimi kila siku nilikuwa nakuita Mama."

Kosa langu lingetosha kunifukuzisha. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne tu, na nilisikia baadaye kwamba Musoke ndiye aliyeomba niachwe niumalize. Hilo nalo liliniuma; hata huruma yake niliionea wivu, kwamba alikuwa nayo na mimi sina. Nilimwomba msamaha mbele ya mkewe, Al Wukair, nikala chakula nilichokikataa mara ya kwanza. Alisema yameisha. Nadhani kwake yaliisha.

Sasa nimestaafu, naishi na Wakesho, ambaye ni muuguzi hapa Doha, nikimsaidia kulea watoto wake. Vijana wa kanisani huniuliza kazi ile ilihitaji nini, nami huwaambia ilihitaji macho na subira. Wakiwa na muda huwaambia na haya mengine. Mtu utakayemfundisha vizuri huenda akakupita, na siku hiyo utagundua ulikuwa unamfundisha kwa ajili yake au kwa ajili ya kusifiwa. Mimi niligundua nikiwa na miaka hamsini na tisa.

Bado nazisoma hati za marekebisho kila asubuhi kwenye simu. Hakuna anayenituma. Wiki iliyopita niliona hati ya mambo ya maegesho ya magari ambayo ukurasa wake wa mwisho ulibadilisha neno moja katika kanuni zile zile za wakazi wasioweza ngazi. Sikungoja hata dakika. Nilimpigia Musoke chai ikiwa mkononi.

"Nimeiona tangu alfajiri, Mama Wakesho," alisema. "Asante lakini."

Nilimwambia ni vizuri, nikamsalimia mkewe, nikakata simu. Chai ilikuwa bado ya moto. Nilikaa pale dirishani nikitamani, kwa moyo wangu wote, kwamba angekuwa hajaiona.