Kompyuta ilifaulu stress test Mbeya, ikafeli Kyela: nilivyombebea fundi joto la kwetu hadi dukani

Wakuu, habari za jioni. Naona vijana humu mnabishana kama stress test ya CPU ni lazima au mbwembwe tu. Nisogezeeni kigoda. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi, labda ile ya jasho.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba inaingia ya kila kitu hadi kompyuta. Wazazi walishatangulia. Mimi ndiye mkubwa, niliachia shule kidato cha pili niwalee wadogo zangu, Ambakisye na Tusa.

Baba yetu mdogo wa Ngana alishasema wazi: "Mpunga huu ukiisha hujapata kazi ya kueleweka, watoto tunawagawana."

Kama kuku wa mahari, yaani.

Nikauza mpunga wote, nikapanda Mbeya kununua kompyuta ya kuchapia watu barua. Kyela wakanicheka. Mama mmoja sokoni akaniuliza, "Sasa jioni mtachemsha keyboard?"

Fundi muuzaji aliipima mbele yangu. Aliweka programu inayoipigisha prosesa hesabu nzito bila kupumzika, ili kama ni goigoi ianguke palepale. Ilikimbia asubuhi hadi jioni, haikutetereka. Fundi, ndani ya koti na kofia ya sufu, akajisifu: "Dada, huyu ni ng'ombe wa kulimia."

Nikampakata ng'ombe wangu kwenye basi hadi Kyela.

Asubuhi alikuwa mzima. Mchana, bati likishika moto, anaganda. Kila siku! Jirani akashauri mganga. Mwingine akasema imeogopa mbu.

Nikairudisha. Fundi akawasha, akarusha test, ikapeta.

"Tatizo mikono yako, dada. Kwani uliishia kidato cha ngapi?"

Wateja wakaangua kicheko. Nikashuka nayo Kyela, ikaganda tena.

Jioni ile nilimkuta Tusa anafunga nguo zake kwenye kitenge. Hakuna aliyemwambia.

Wakuu, neno overclock sikulijua. Nilichojua ni kwamba Mbeya watu wanajifunika mablanketi, na Kyela tunalala juu ya mkeka mtupu na bado tunalowa.

Safari iliyofuata nilipanda basi na kompyuta, jiko na mkaa. Kondakta alinitazama kama mgonjwa.

Nje ya duka nikakoleza moto hadi moshi ukaisha, nikaliingiza jiko ndani, mlango nikauacha wazi, nikaliweka ubavuni mwa kompyuta.

"Wewe dada, unachoma mishikaki?"

"Hapana, fundi. Nimekuletea Kyela. Washa test."

Akawasha huku anacheka. Baadaye akavua kofia, kisha koti. Kisha screen ikaganda, wateja wanaona.

Safari hii hakuna aliyeuliza kidato.

Akafungua kava, akahamisha jumper, kale kapini kanakopanga kasi ya prosesa. Kumbe ilikuwa imepandishwa kasi, ndiyo hiyo overclock, ili iuzwe kama ya daraja la juu. Baridi ya Mbeya ilikuwa inaisitiri, bati la Kyela likaivua nguo.

Akaishusha kwenye kasi yake halali, tukarudia test na jiko likiwa palepale. Sikuondoka hadi mkaa ukawa majivu. Haikuganda.

Wiki chache baada ya kurudi Kyela, baba mdogo akaja na baiskeli kumchukua Tusa. Akakuta watu wamejaa barazani wakisubiri barua zao, na Tusa ndiye anayewapanga. Akasimama akijifuta jasho.

"Hii inaandika hata barua ya mgogoro wa shamba?"

"Inaandika, baba," Tusa akamjibu. "Kaa nyuma ya yule mama."

Akakaa. Jioni alirudi Ngana na barua mfukoni, na karia ya baiskeli tupu.

Nilichojifunza: mashine ipimwe kwenye joto la kule itakakoishi, si kwenye baridi ya anayeiuza. Na ukiulizwa umesoma hadi wapi, ujue mtu ameishiwa majibu.

Haya, wataalamu wa thermal paste na nyie mliowahi kuchekwa dukani, uwanja wenu. Ndaga fijo kwa kunisoma.